Uzoefu wangu wa kutengeneza majedwali yaliyoharibika kwa LibreOffice Writer

Tathmini hii inahusu sehemu moja tu ya LibreOffice Writer, programu ya kuandikia nyaraka, nayo ni majedwali, kwa kuwa hapo ndipo mtu anayechapa kazi za wengine anapopotezea muda wake mwingi. Kazi zinazopita mikononi mwangu ni orodha za wanachama wa vikundi vya kukopeshana, taarifa zao za mapato na matumizi, pamoja na tasnifu za wanafunzi wa vyuo, na karibu zote hufika zikiwa zimeandaliwa kwa Microsoft Word kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Writer hailipiwi, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na faili la kuisakinisha kwenye Windows linazidi megabaiti 300, kwa hiyo anayetegemea bando la simu ajipange kabla ya kulipakua.

Tatizo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote ni jedwali linalopita pambizo ya kulia na kukatika likichapishwa. Watu wengi hulikabili kwa kuvuta mistari ya safuwima mmoja mmoja kwa kipanya, au kwa kupunguza ukubwa wa herufi mpaka msomaji atafute miwani. Katika Writer dawa iko kwenye dirisha la sifa za jedwali, ambalo hufunguka ukiweka kishale ndani ya seli yoyote na kuingia kwenye menyu ya jedwali. Ukurasa wa kwanza wa dirisha hilo una sehemu ya ulinganifu, na chaguo lake la kwanza ni la kujipanga lenyewe. Ukilichagua, jedwali hunyooka papo hapo kutoka pambizo hadi pambizo, na safuwima zote hugawana nafasi kwa uwiano ule ule ziliokuwa nao. Chaguo hilo hilo ndilo linalowachanganya wageni, kwa sababu likiwa limewekwa, kisanduku cha upana hufifia na hakikubali namba yoyote. Anayetaka jedwali la sentimita 12 katikati ya ukurasa sharti kwanza aubadilishe ulinganifu uwe wa katikati, ndipo kisanduku cha upana kifunguke. Programu haikuambii hivyo popote kwenye dirisha lile, jambo ambalo naliona kuwa upungufu wa kweli.

Hata hivyo, kabla ya kuligusa jedwali, mimi huangalia kwanza ukubwa wa karatasi. Kompyuta ambayo lugha na eneo lake vimewekwa kwa mtindo wa Marekani huandaa nyaraka kwa karatasi ya Letter, yenye upana wa sentimita 21.59 na urefu wa sentimita 27.94, ilhali karatasi tunazonunua madukani kwetu ni A4, yenye sentimita 21 kwa 29.7. Tofauti ya upana haifiki hata sentimita moja, lakini jedwali lililopimwa kwa karatasi pana litajitokeza nje ya pambizo mara ukurasa unapobadilishwa kuwa A4, na aliyeliandaa ataapa kwamba kwake lilikuwa sawa. Anasema kweli, lilikuwa sawa.

Chanzo cha pili kilichojificha ni fonti. Faili lililoandikwa kwa Calibri au Cambria likifunguliwa mahali ambapo fonti hizo hazipo, Writer hutumia Carlito na Caladea badala yake, ambazo herufi zake zilipimwa makusudi zilingane kwa upana na zile za asili, kwa hiyo mistari haihami. Lakini faili likiwa limeandikwa kwa Aptos, fonti ambayo Word ilianza kuitumia kama chaguo-msingi baada ya Calibri, na kompyuta yako haina Aptos, maneno yanaweza kuongezeka upana, seli iliyokuwa na mstari mmoja ikawa na miwili, na jedwali lililoishia chini ya ukurasa likamwaga safumlalo mbili tatu kwenye ukurasa unaofuata. Hapo hakuna haja ya kuhangaika na jedwali lenyewe. Chagua maandishi yote, yape fonti uliyo nayo, kisha ndipo uanze kupima.

Ukurasa wa mtiririko wa maandishi katika dirisha lile lile la sifa za jedwali ndio unaonifanya niendelee na programu hii. Wale waliowahi kutumia Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice.org lililotolewa mwaka 2004 kutokana na kazi ya mradi wa tafsiri wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hawatakuwa wageni hapo, kwa kuwa LibreOffice ilijitenga na OpenOffice.org mwaka 2010 na ikaurithi muundo huo. Kuna kisanduku cha kuruhusu safumlalo ikatwe katikati kati ya kurasa mbili, nacho huja kikiwa na tiki. Ukiiondoa, jina la mwanachama halitabaki chini ya ukurasa wa tatu huku anwani yake ikiangukia juu ya ukurasa wa nne. Kuna pia kisanduku cha kurudia kichwa cha jedwali kila ukurasa, ambapo unaweza kutaja idadi ya safumlalo zinazohesabiwa kuwa kichwa. Nimepokea orodha nyingi ambazo kichwa kimenakiliwa kwa mkono juu ya kila ukurasa, na ukiongeza mwanachama mmoja tu, vile vichwa vyote hushuka na kukaa katikati ya majina kama wageni walioingia msiba usio wao.

Maandishi yanapoonekana kukatwa nusu ndani ya seli, kosa haliko kwenye maandishi. Safumlalo imepewa kimo kisichobadilika, na kinachohitajika ni kufungua sifa za kimo chake na kutia tiki kwenye kisanduku cha kujitosheleza kwa ukubwa. Jedwali lililokaa juu kabisa ya waraka bila nafasi ya kuandika kichwa cha habari nalo halina shida: weka kishale mwanzo wa seli ya kwanza, kabla ya herufi yoyote, kisha bonyeza Enter. Namba za simu zikipoteza sifuri ya mwanzo, zima utambuzi wa namba katika menyu ya jedwali na uziandike upya, kwa maana sifuri iliyokwisha kutoweka hairudi yenyewe.

Kwa taarifa za fedha ninathamini zaidi uwezo wa kujumlisha ndani ya jedwali. Ukiandika alama ya usawa katika seli tupu, upau wa fomula hufunguka, na unaweza kuagiza jumla ya seli kuanzia B2 hadi B9 bila kuhamia kwenye programu ya lahajedwali. Kwa kikundi kinachoandika michango ya mwezi mmoja, hiyo inatosha.

Pale ninapochoka ni kwenye majedwali mapana yanayohitaji ukurasa wa kulala, yaani karatasi iliyolazwa ili upana uzidi urefu. Writer huongoza mwelekeo wa karatasi kupitia mitindo ya kurasa, yaani mipangilio yenye majina ambayo kila ukurasa hufuata, na anayegeuza ukurasa mmoja bila kuelewa hilo hujikuta amegeuza waraka mzima. Njia iliyo nadhifu ni kuliambia jedwali lenyewe, katika mtiririko wa maandishi, lianze na mkato wa ukurasa kabla yake, mkato unaobeba mtindo wa ukurasa wa kulala. Baada ya jedwali unaweka mkato mwingine unaorudisha mtindo wa kawaida. Inafanya kazi kikamilifu, ila sijamwona mtu aliyeigundua bila kuelekezwa, na mwanafunzi mwenye kiambatisho kimoja cha kulala hatakuwa na subira ya kujifunza mitindo.

Jingine ni safari ya faili kwenda na kurudi. Seli zilizounganishwa ovyo, hasa katika dodoso lenye vichwa juu ya vichwa, huweza kubadilika upana kila faili la docx, umbizo la Word, linapofunguliwa na kuhifadhiwa kwa zamu katika programu mbili tofauti. Mimi huweka nakala yangu ya kazi katika ODF, umbizo la asili la Writer, ambalo limekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu mwaka 2006, na mteja anayetaka kuchapisha tu humpelekea PDF. Mwanafunzi ambaye msimamizi wake anarudisha sura zikiwa na masahihisho ndani ya Word, namshauri abaki na Word mpaka sura zikubaliwe. Lakini katibu wa kikundi mwenye orodha ndefu, kompyuta ya zamani na asiye na fedha ya leseni, huyo ningemsakinishia Writer leo hii, na kitu cha kwanza ningemwonyesha ni kile kisanduku cha kurudia kichwa.