Kozi ya wikiendi ya "kufundisha kwa matokeo" hapa Mtwara: Jumamosi moto, Jumapili makaratasi

Naona kwenye magrupu watu wanauliza ile kozi ya wikiendi ya walimu wa sayansi wa vyuo, inayofanyika pale Shangani, kama ni ya kweli au ndo zile za kuuziana vyeti. Mi nimehudhuria, ngoja niwape kama ilivyo. Jibu fupi ni nenda. Jibu refu ni kwamba Jumamosi ilikuwa moto kabisa, ila Jumapili ungeweza kubaki nyumbani ukafua na usikose kitu.

Waandaaji siwataji, sijatumwa kuwatangaza wala kuwaharibia. Ada elfu themanini, humo ndani kuna chai, msosi wa mchana, desa (noti za kozi) lililochapwa na cheti. Washiriki walikuwa mchanganyiko, wa hapa mjini, wa Lindi, wa Masasi, na wengi tunafundisha kemia, baiolojia au fizikia, halafu kuna wale ma-TA (wahadhiri wasaidizi) vijana wamemaliza chuo juzi tu, ambao kiukweli ndo walikuwa wanauliza maswali ya maana kuliko sisi wengine.

Nadharia ilikuwa fupi na hapo nawapongeza. Habari yenyewe si ngeni, William Spady wa Marekani alishaandika kitabu chake 1994 na msingi wake ni huu: anza mwisho. Jiulize kwanza huyu mwanafunzi akimaliza kozi atakuwa anaweza kufanya nini kwa mikono na kichwa chake, ndo urudi nyuma upange utafundisha nini na utampimaje. Halafu John Biggs wa Australia 1996 akaongeza kwamba matokeo uliyoandika, shughuli za darasani na mtihani vyote vitatu lazima vivute upande mmoja, kimoja kikivuta kwake basi mwanafunzi atafuata mtihani, hana ujinga huyo wa kufuata kingine. Mwezeshaji alikuwa dada mmoja mtulivu, anaongea Kiswahili cha kueleweka, hana zile mbwembwe za kusoma slaidi neno kwa neno.

Kilichonishika mimi ni hesabu ya krediti. Wote tunajua kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, mwaka ni krediti 120, shahada ya miaka mitatu 360, tunaandika kila mwaka kwenye kozi autilaini (mpango wa kozi) na hakuna anayeshtuka. Yule dada akachukua kozi ya krediti 12, ambayo ni saa 120, akasema haya tuzitafute. Lekcha saa 2 kwa wiki kwa wiki 15, saa 30. Maabara saa 3 kila wiki, tena hapo tunajidanganya maana wengi hawafiki, saa 45. Akauliza zile 45 zilizobaki mwanafunzi anazitumia kufanya nini? Kijana mmoja nyuma akajibu "kudesa", yaani kunakili tu, na ukumbi mzima ukacheka, ila mtu akifikiria vizuri lile ndo jibu sahihi, maana hatujawapa kitu kingine cha kufanya kwenye hizo saa.

Sasa sehemu iliyolipa hela yangu yote. Tuliambiwa tuje na UE (mtihani wa mwisho wa chuo) tuliyotunga wenyewe, ile halisi, pamoja na autilaini ya kozi. Unapanga matokeo upande wa kushoto, maswali ya mtihani kulia, unachora mstari kutoka kila swali kwenda kwenye tokeo linalopimwa. Basi. Hakuna kompyuta hakuna nini. Mzee mmoja wa kemia, mtu mzima anaheshimika sana, akajitolea ya kwake ibandikwe mbele. Kushoto kuna tokeo zuri limeandikwa kwa kujipinda, kwamba mwanafunzi ataweza kubuni jaribio la kupima vitamini C kwenye tunda na kutathmini makosa ya vipimo vyake. Kulia swali la kwanza, eleza maana ya titresheni (ile ya kudondosha kemikali kidogo kidogo ili kupima kiasi cha kitu). La pili, taja aina nne za titresheni. La tatu, taja sifa za indiketa nzuri (kile kinachobadili rangi kuonyesha umefika mwisho). Mstari haukupata pa kwenda.

Yule dada akamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo tena mzee wangu, hapa naomba unisaidie, hili tokeo la kubuni tunalipima wapi?" Mzee akaangalia karatasi yake kitambo, akasema, "Marahaba mwanangu. Kumbe mi nawafundisha kuogelea halafu mtihani nawaambia wataje majina ya samaki." Tulicheka mpaka basi, na baada ya hapo kila mtu akawa anachora mistari yake kimya kimya huku kafunika karatasi na kiganja.

Mchana wakatuingiza maabara ya kuazima tufanye hilo jaribio lenyewe, kwa mabibo, yale matunda ya mkorosho. Hapa niwape hongera kwa kutumia kitu cha kwetu, kwa sababu vitabu vyote vinasema chungwa wakati msimu wa korosho mabibo yanaoza chini ya miti huku Kusini, na bibo lina vitamini C nyingi kuliko hilo chungwa. Unakamua juisi, unachuja, unaweka wanga kidogo kama indiketa (wanga walichemsha wa unga wa muhogo, na unafanya kazi vizuri tu), halafu unadondosha iodini kutoka kwenye bureti, lile bomba jembamba la kioo lenye vipimo. Vitamini C ikiwepo inaimeza iodini, ikiisha ndo rangi ya buluu nyeusi inatokea na kukaa. Kila molekuli moja ya vitamini C inakula moja ya iodini, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi.

Ila utamu uko kwenye namna ya kupima wanafunzi. Hatukuambiwa "andika ripoti", tulipewa karatasi ya vigezo inayosema wazi kabisa, jicho liwe usawa wa maji kwenye bureti, usomaji uende mpaka 0.05 ya mililita, majibu yanayokubalika yasipishane zaidi ya 0.1, na mwisho swali moja: kwa nini namba yako inaweza kuwa kubwa kuliko ukweli? Hapo ndo inabidi mtu ajue kwamba ule ukakasi wa bibo unaokausha ulimi ni tanini, na tanini nayo inakula iodini, kwa hiyo sehemu ya iodini uliyohesabu kuwa ya vitamini C imeliwa na kitu kingine. Na juisi iliyokaa wazi tangu asubuhi itakupa namba ndogo kwa sababu vitamini C inaharibiwa na hewa. Swali la namna hiyo huwezi kulidesa, pasipepa (mitihani iliyopita) hazikusaidii, lazima uwe umeshika bureti mwenyewe ukaona. Kijana wa Lindi niliyekaa naye meza moja akasema, "Kaka, hili swali moja linapima kuliko UE yangu nzima," na mi nakubaliana naye.

Jumapili sasa. Jamani. Siku nzima ya vitenzi. Tumepewa orodha ya vitenzi kutoka kwenye ngazi za kufikiri za Bloom, zile za 1956 zilizokarabatiwa 2001, kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni, tukaambiwa marufuku kuandika "ataelewa". Sawa, sababu naijua, kuelewa hakuonekani kwa macho. Lakini kilichofanyika ni watu kufuta "ataelewa" na kuweka "atachambua" juu ya mada ileile na mhadhara uleule, halafu makofi. Baada ya hapo fomu. Fomu ya kuoanisha matokeo ya kozi na ya programu, fomu ya kuoanisha fomu, na templeti moja kichwani bado ina jina la chuo kingine kabisa ambacho hakimo hata nchi hii, hawakujisumbua kufuta. Niliwauliza kama wanajua yaliyowapata Afrika Kusini, walianza mtindo huu mashuleni 1998, walimu wakazama kwenye makaratasi, na kufika 2012 wakawa wanaleta mtaala mwingine. Nikajibiwa "tutalijadili nje ya ukumbi". Nje ya ukumbi palikuwa na chai.

Na swali kubwa halikujibiwa. Wao wametufundisha kwa meza za watu wanne, bureti kila meza. Mi darasa langu limejaa mpaka wengine wanasimama mlangoni na bureti nzima zinahesabika. Utapimaje kila mtu kama jicho lake liko usawa wa maji? Jibu lilikuwa "ubunifu wa mwalimu". Hilo si jibu, hiyo ni kunirudishia swali langu. Yule mzee wa kemia alikuwa na wazo zuri kuliko lao, kwamba gawa makundi ya zamu, na wakati wanafanya unapita mezani unamuuliza mmoja mmoja swali dogo la dakika mbili, hiyo ndo alama ya maabara, ripoti ya kunakili achana nayo. Angepewa yeye Jumapili nzima tungeondoka na kitu.

Mengine haraka haraka. Chai asubuhi waliweka ming'oko (mizizi ya porini ya huku Kusini) ya moto badala ya maandazi ya jana, hapo nawapa nyota zote. Chakula cha mchana kilichelewa siku zote mbili. Umeme ulikatika Jumapili na jenereta lilikuwepo ila petroli haikuwepo, feni zikalala, na joto la hapa mnalijua. Cheti tuliahidiwa palepale, wengine tumekipata wiki zilizofuata kwa kupiga simu mpaka wakatuchoka.

Nyota nne za Jumamosi, nyota mbili za Jumapili. Nimesikia kuna awamu inakuja na safari hii wanaruhusu kulipia siku moja moja, kwa hiyo lipia Jumamosi tu. Wa Masasi na Nachingwea mfike Ijumaa jioni maana wanaanza saa mbili kamili na hawasubiri mtu. Na mtihani utakaobeba uwe ule uliowapa wanafunzi kweli, kuna jamaa alikuja na mmoja kautunga usiku ule ili apendeze, mistari yake yote ikanyooka, akakaa anatazama wenzake wanavyofanya kazi.