Uzoefu wangu na mtambo wa gesi ya maji kwenye Toyota IST

Niseme ukweli, nilitaka sana ifanye kazi. Mwaka 2022 petroli ya Dar ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, nami kila wikiendi naenda Morogoro kumwona mzee, nilikuwa tayari kuamini chochote. Nikaangukia video za watu wanaopasua maji kwa umeme wa betri, wanapata haidrojeni na oksijeni, wanaipeleka gesi kwenye njia ya hewa ya injini, kisha wanaapa kuwa mafuta yanapungua nusu.

Sikununua mtambo wa dukani, nilijiundia. Kasha la chujio la maji, sahani saba za stenlesi nilizokatiwa na mafundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar, rilei (swichi ya umeme) ya spotilaiti, fyuzi ya ampea 30, mipira, na kostiki ile ya watengeneza sabuni ili maji yapitishe umeme. Halafu chupa ya pili yenye maji nusu, gesi ipite humo ikibwabwaja, ili moto ukirudi kutoka kwenye injini uzimikie hapo. Jumla kama 160,000, ukiacha glovu nilizokumbuka kununua baada ya kostiki kuniunguza vidole.

Gesi inatoka, hilo hakuna anayedanganya. Nilipuliza mapovu kwenye bakuli la maji ya sabuni uani, nikayawasha kwa njiti niliyoifunga kwenye fimbo ndefu. Mlio ukawa wa risasi. Bi Mkubwa wa nyumba ya pili akatoka na kanga begani: "Mwanangu, na sisi wengine tunaishi hapa!" Nilimwomba radhi, na nikaanza kuiheshimu ile chupa ya pili.

Safari ya kwanza kwenda Moro na kurudi nilipata kilomita 17 na ushee kwa lita, wakati nimezoea 15. Nilipiga simu kwa kila mtu.

Aliyeniharibia sherehe ni mdogo wangu, anayesomea ufundi umeme. Akasema, kaka, unajua mtambo umewashwa, kwa hiyo unaendesha kama umebeba mayai. Tukakubaliana: kwa safari sita yeye ndiye atakayechomeka au kuchomoa fyuzi kabla sijaingia garini, asiniambie, na mimi nisifungue boneti. Kujaza ni pampu ileile, full hadi full. Zile safari sita zote zilicheza kati ya 14.8 na 15.9. Ile ya 15.9 niliirukia, nikamwambia leo umewasha. Akatia mkono mfukoni, akanitolea fyuzi.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa na kalamu, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kwenda Gerezani. Niliingiza mpira kwenye chupa ya lita moja na nusu niliyoipindua ndani ya ndoo: gesi iliijaza kwa dakika mbili na sekunde chache, yaani kama lita 0.7 kwa dakika, mtambo ukila ampea 15. Hizo ampea ni wati 200 zinazotoka kwenye altaneta, ile dinamo inayochaji betri, na altaneta inazungushwa na injini, na injini inakunywa petroli. Haidrojeni iliyomo kwenye gesi hiyo ina nguvu ya wati 80 hivi. Petroli ninayounguza kwa mwendo wa 90 ina zaidi ya kilowati 50. Ni kama kumwagia kijiko cha maji kwenye pipa, na kijiko chenyewe umekichota humohumo.

Kuna kero ambazo video hazionyeshi. Maji yakipata moto yanapitisha umeme zaidi: naondoka Kibaha na ampea 10, nafika Chalinze klempu mita, kipimo cha ampea kinachobana waya, inasoma 24, kasha halishikiki. Wiki ya tatu maji yakawa na rangi ya chai ya mkandaa, ni sahani zinaliwa. Tope hilo linaweza kuwa na kromiamu yenye sumu, usilimwage mtaroni. Tena oksijeni ya ziada ikifika kwenye sensa ya ekzosi, kompyuta ya gari inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Wauzaji wanajua, ndiyo maana wana kiboksi cha kuidanganya sensa. Hicho sikukifunga. Injini ambayo nusu ya malipo yake bado nadaiwa siwezi kuihatarisha.

Yule Mmarekani aliyedai gari lake linatembea kwa maji, anayefungua video nyingi, ni Stanley Meyer. Mahakama ya Ohio iliamua mwaka 1996 kuwa alifanya udanganyifu, akaamriwa kuwarudishia wawekezaji wawili dola 25,000. Video hazifiki kwenye sehemu hiyo.

Kilichonisaidia ni mguu mwepesi na upepo wa matairi uliopimwa asubuhi yakiwa baridi. Hapo ndipo zilipotoka zile 17, na nikijisahau nyuma ya malori ya Mikese zinapotea.

Mtambo nimeung'oa. Tundu kwenye mpira wa hewa nimeliziba kwa kipande cha tyubu na klempu, bado halijavuja. Rilei na waya ni vizima, anayetaka kufunga spotilaiti aje na elfu kumi.