Duka la vigae karibu na Kibuye: mali safi, ila kulalamika kuna namna yake

Kama unajenga Kisumu na unatafuta vigae vya sakafu, duka hili la Wachina karibu na soko la Kibuye nalipendekeza kwa moyo wote. Vipimo havipishani, na rangi ya boksi la kwanza ndiyo ya boksi la mwisho.

Shida ilikuja tulipofungua maboksi kule Mamboleo tukakuta vigae kadhaa vimemeguka pembe. Tukarudi kwa tuktuk. Fundi wangu akagonga kaunta, akafoka. Dada mwenye duka akatabasamu tu, macho kwenye kalkuleta, akibonyeza namba ambazo hakuna aliyemwomba ahesabu.

"Sista, huyu anatucheka!" fundi akaniambia. Wateja wengine nao wakaguna.

Hakuwa anatucheka, na wanaolipatia duka hili nyota moja kwa "dharau" naomba wanisikilize. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Miaka ya 1970 wanasaikolojia Ekman na Friesen walieleza jinsi walivyowaonyesha wanafunzi wa Japani na Marekani filamu za kutisha. Wakiwa peke yao, nyuso zao zilikunjamana vilevile. Mtafiti alipokaa nao, Wajapani walifunika karaha kwa tabasamu zaidi kuliko Wamarekani. China si Japani, lakini huko nako wengi hulelewa wasimwage hasira wala uchungu hadharani, wasije wakajivunjia heshima au kumvunjia mwenzao. Na uchungu uliofichwa haujaisha. Daktari Arthur Kleinman alichunguza wagonjwa 100 mkoani Hunan, China, waliokuwa wakitibiwa "udhaifu wa neva", jina la ugonjwa walilopewa na madaktari wa huko. Katika utafiti alioutoa mwaka 1982, 87 kati yao walikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Walichokuja kulalamikia ni kichwa, uchovu na usingizi. Wagonjwa wangu wa hapa Kisumu wengi huanzia hapohapo kwenye kichwa.

Basi nikamwita dada pembeni, nikamwonyesha picha kwa sauti ya chini. Akapitisha kidole kwenye pembe iliyomeguka, na mkono ulikuwa ukimtetemeka. "Lete, nabadilisha." Akabadilisha yote, na nauli ya tuktuk akalipa yeye.

Nampa nyota nne. Ya tano ataipata akiajiri kijana wa hapa apokee malalamiko, maana mteja wa Kisumu hutaka pole kwanza, boksi baadaye. Wewe ukienda, fungua maboksi palepale kabla ya kupakia.