Huduma ya kupima mkazo masalia kwa eksirei: soma ukurasa wa nne kwanza

Karakana yetu huchonga vipuri vya aloi ya alumini 7075 kutoka kwenye mabamba yaliyopitishwa kwenye rola, yenye unene wa milimita 25, na kwa miezi kadhaa vipuri vilikuwa vikipinda mara tu vinapofunguliwa kwenye mashine. Tulishuku mkazo masalia, yaani mkazo unaobaki ndani ya metali hata pasipo mzigo wowote wa nje, tukatuma sampuli nne kwenye maabara moja ya Ujerumani inayopima kwa difraksheni ya eksirei, yaani kwa kuangalia jinsi fuwele za metali zinavyoakisi miale hiyo.

Eksirei hupima umbali kati ya matabaka ya atomi ndani ya fuwele. Sampuli huinamishwa kwa pembe mbalimbali, zinazoitwa ψ, umbali huo huchorwa dhidi ya sin²ψ, na mteremko wa mstari unaopatikana ndio unaotoa mkazo. Maabara ilitumia mrija wa kromi na matabaka ya 311 (namba ya kutambulisha seti moja ya matabaka ya atomi), ambayo kwa alumini huakisi miale kwenye pembe ya karibu digrii 139. Uchaguzi huo ni mzuri, kwa kuwa kadiri pembe hiyo ya mwakisiko inavyokuwa kubwa ndivyo badiliko dogo la umbali linavyojitokeza wazi.

Ukurasa wa kwanza wa ripoti unatoa namba moja kwa kila mwelekeo, yaani ule wa rola na ule wa mkingamo unaoukata, na ningeishia hapo ningepotoka. Fuwele za bamba lililopitishwa kwenye rola hazikukaa ovyo. Rola huzipanga, hivyo katika baadhi ya pembe mwakisiko huwa mkali na katika nyingine hufifia karibu kutoweka, na nukta zilizopaswa kukaa kwenye mstari hupanda na kushuka kama mawimbi. Mchoro wa ukurasa wa nne ulionyesha jambo hilo hasa katika mwelekeo wa mkingamo. Ninawasifu kwa sababu hawakulificha: waliinamisha sampuli pande zote mbili, chanya na hasi, waliitikisa wakati wa kupima ili fuwele nyingi zaidi zishiriki, kisha wakaandika bayana kwamba thamani ya mkingamo ichukuliwe kwa tahadhari. Waliambatanisha pia kipimo cha unga wa alumini usio na mkazo, kuthibitisha kwamba mashine husoma sifuri panapostahili sifuri. Niliwahi kupokea kutoka kwingine ripoti yenye namba tupu bila mchoro hata mmoja, na hadi leo sijui niifanyie nini.

Malalamiko yangu yanahusu kina. Eksirei za kromi hutupatia habari za mikromita zipatazo 10 tu za uso wa alumini. Ili kushuka zaidi, mafundi waliyeyusha matabaka kidogo kidogo kwa umeme ndani ya kimiminika, njia iliyo sahihi kwa sababu kusaga kungeongeza mkazo mpya, wakafika milimita 0.3. Kazi hiyo waliifanya kwa uangalifu. Hata hivyo, bamba la 7075 likipozwa ghafla majini hubaki na mgandamizo usoni na mvuto katikati, katika unene wake wote, na ndiyo sababu mabamba yanayouzwa katika hali iitwayo T651 hurefushwa kwa kuvutwa asilimia 1.5 hadi 3 baada ya kupozwa, ili mkazo huo upungue. Mgandamizo tulioonyeshwa ulififia kabla ya milimita 0.2, na ukoko mwembamba kiasi hicho hauwezi peke yake kupinda kipuri kizito. Swali letu lilihusu kiini cha bamba, ambacho kingehitaji nyutroni au njia ya kukata na kupima mjongeo. Mtaalamu wao alinieleza hayo vizuri sana kwa simu, lakini baada ya ankara kulipwa. Aliyepokea oda hakuwa ameuliza tunatafuta nini.

Ripoti ilichelewa wiki moja, jambo ambalo halikutuathiri.

Nitawatumia tena kazi ya kukagua nyuso zilizopigwa risasi ndogo za chuma, ambako kina chao kinatosha. Safari hii mshale wa mwelekeo wa rola nitauchora kwa sindano ya chuma: niliandika kwa kalamu ya wino, wino ukafutika wakati wa kusafisha, na mafundi ikawabidi wautambue mwelekeo kwa kusoma mistari ya rola chini ya hadubini.