Tahadhari kwa wazazi wanaotaka kununua samaki wa tangi, Unguja mjini

Asalaam alaykum. Naandika nikiwa na hasira na, kusema kweli, na haya pia, kwa sababu mtu mzima niliyekulia pwani na kula samaki takriban kila siku nimetapeliwa kwa samaki wasiozidi urefu wa kidole, katika duka la mlango mmoja lisilo mbali na Darajani. Jina la muuzaji silitaji kwa kuwa shauri limeshafika kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu. Tangi nilikuwa nimemuahidi kijana wangu.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya Alasiri. Nilichukua tangi la kioo la lita 30, pampu ya hewa, changarawe ya buluu, samaki wadogo sita waitwao gapi, wenye mikia kama khanga iliyotandazwa, samaki wa dhahabu watatu, samaki mmoja wa kahawia aliyeganda kwenye kioo kwa mdomo wake, ambaye muuzaji alimwita mfagizi, na wawili wenye madoa meusi na rangi ya machungwa ambao aliwaita "chui wa maji". Aliwachota mmoja mmoja kwa chungio la chai, akawatia kwenye kopo la rangi lililooshwa, kisha akaniambia huku akifuta mikono: "Ami, samaki hukua kwa kadiri ya nyumba yake. Ukimweka padogo, atabaki mdogo." Nikacheka, na pale nilipocheka ndipo nilipoliwa.

Msinione mjinga. Nilipoulizia tangi kubwa, yeye mwenyewe alinizuia, akasema nisiharibu pesa zangu kwa kitu ambacho mtoto atakichoka, nami nikaona nimempata mfanyabiashara mwenye khofu ya Mungu. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba matangi makubwa hakuwa nayo kabisa. Isitoshe, alimjua marehemu ami yangu wa Malindi, akamsomea dua pale pale dukani. Maji ya dukani kwake yalikuwa safi kama kioo. Nikatoa shilingi 185,000 bila ya kuomba risiti, na samaki wote wakaingia tangini usiku ule ule.

Siku ya tatu maji yalikuwa meupe kama tui. Siku ya nne kijana aliniita kabla ya kwenda chuoni, na nilipoinama nikaona mkia wa gapi umening'inia nje ya mdomo wa yule chui, unatikisika bado. Gapi walikuwa wamebaki wawili. Samaki wa dhahabu walikuwa juu kabisa, wanahema kwa midomo wazi, na kabla ya Ijumaa wote watatu tukawazika chini ya mpapai.

Niliporudi dukani, yule bwana alisema kosa ni la maji yangu ya kisima, kwamba yana chokaa. Kweli yana chokaa, kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, lakini mtoto wa dada yangu, ambaye anasomesha baiolojia, alinieleza kwamba gapi hupenda maji ya namna hiyo hasa, na kwamba wanaosumbuka nayo ni wengine, kama samaki waitwao tetra neoni wa Amazoni, waliozoea maji laini, yaani yasiyo na chokaa. Kilichoua samaki ni amonia. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na bakteria wa kuigeuza iwe nitriti, kisha nitrati isiyodhuru sana, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya. Mimi nilitia samaki kumi na wawili siku ya kwanza. Wale "chui" ni oska, ambao hufikia sentimita 30, humeza kila kinachoingia mdomoni na huhitaji zaidi ya lita 200. Mfagizi ni pleko, anaweza kufika sentimita 40, na hafagii kitu: yeye mwenyewe ni mchafuzi mkubwa. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi kuliko yetu. Katika kundi lile lote, waliofaa tangi langu ni gapi peke yao, tena madume matatu au manne, kwani ukichanganya na majike watazaliana mpaka tangi lifurike.

Basi mtu akikuuzia samaki bila ya kukuuliza tangi lako ni la lita ngapi, au akimpa samaki jina la kubuni, au akikwambia watie wote leo, ondoka. Mengine nitayaandika nikitulia, kwa sababu sasa hivi ninachokitaka ni kuona manispaa imemnyang'anya kibali chake, amerudisha pesa za kila mzazi aliyemla, na amesimamishwa mbele ya kijana wangu amweleze kwa nini samaki wake wamekufa.

Na lililonichoma zaidi ni ushauri wake wa mwisho, kwamba hao oska waliobaki nikawamwage kwenye kidimbwi chochote cha shamba. Katika vidimbwi vya mvua vya Unguja mna samaki mdogo wa kwetu, dume lake lina mkia mwekundu, ambaye wataalamu walimwandika tangu 1893, na leo wanamwita Nothobranchius guentheri. Mayai yake hustahamili udongo uliokauka hadi mvua irudi, lakini mdomo wa oska hatauweza. Oska wangu wako kwenye pipa uani. Mwenye tangi la kuwatosha aje awachukue bure, na asiwape gapi.