Mzee wa sarafu pale Owino: roli za shilingi ya 1966 ni za ukweli, ila nenda na lenzi yako

Wadau wa sarafu za zamani, kama uko Kampala na bado unanunua zile shilingi zilizosuguliwa na ndimu na majivu hadi zinang'aa kama sahani, soma hapa kwanza. Kuna kibanda upande wa soko la Owino, kwenye safu ya wauza saa na redio za zamani, mzee mmoja anauza sarafu, na mi nasema kwa sarafu ambazo hazijapita mikononi mwa watu sijaona pazuri zaidi hapa mjini. Yaani zile zilizotoka benki zikiwa zimepangwa na kufungwa pamoja kwenye karatasi, hiyo ndo roli, zikaingia kwenye sanduku la mtu na zikalala humo miaka yote.

Mi nilifuata shilingi moja ya 1966. Hizo ndo sarafu za kwanza za Uganda yenyewe, Bank of Uganda ilianza kazi mwaka huohuo, kabla ya hapo tulikuwa tunatumia shilingi ya East African Currency Board pamoja na Kenya na Tanganyika. Iliyotumika utaipata kirahisi tu, nyumba yoyote yenye mzee haikosi moja kwenye droo. Shida ni kupata mpya kabisa, ile ambayo ukimwangalia korongo taji unaona nywele za kichwani mmoja mmoja.

Roli ya sarafu 20 anataka 150,000. Nikamuuliza, mzee wangu, nitajuaje kama hii haikufungwa jana? Hakukasirika hata kidogo. Akasema "ssebo (bwana), karatasi usiiamini, kaa tufungue," akatandika kitambaa mezani, akaifungua taratibu bila kuichana. Hapo alinimaliza kabisa, maana wauzaji wengi ukigusa karatasi tu washaanza, ukifungua umenunua, sasa utanunuaje kitu usichokiona? Karatasi kuukuu mtu yeyote anaweza kuipata akafungia chochote anachotaka.

Basi tulivyofungua, kwanza zote mwaka mmoja, hakuna ya 1972 iliyojipenyeza. Alafu angalia zile mbili za mwisho, huku na huku. Uso wa nje, ule unaogusa karatasi, umegeuka rangi ya kahawia yenye dhahabu na pembeni kuna ubluu kidogo, kwa sababu karatasi za zamani zina salfa na inafanya kazi juu ya sarafu polepole kwa miaka, lakini igeuze sarafu hiyohiyo uangalie upande uliolalia mwenzake, ni mweupe. Hiyo ndo dalili ninayoiamini kuliko muhuri wowote. Ukikuta iliyobadilika rangi iko katikati ya roli na za mwisho ni safi, rudisha, mtu amezipanga.

Kitu cha pili ni mng'ao. Sarafu mpya ya kweli ukiiinamisha chini ya taa mwanga unazunguka juu yake kama spoku za baiskeli, hiyo inatokana na madini ya sarafu yalivyotiririka wakati nyundo ya kiwandani inaipiga. Iliyosuguliwa haina hiyo, inang'aa yote kwa pamoja, ukiweka lenzi ya mara 10 unaona mistari midogo midogo inaelekea upande mmoja, na hiyo haitengenezeki tena, hata umpelekee fundi gani. Usichanganye mistari hiyo na vidonda vidogo vya sarafu kugongana zenyewe kwa zenyewe kwenye gunia, hivyo ni kawaida hata kwa sarafu mpya. Kuchakaa kunaanzia palipoinuka, kwa hiyo weka lenzi kwenye kifua cha korongo, kama pamekuwa na rangi ya kijivu isiyo na uhai basi hiyo imetembea sokoni hata kama ni kidogo. Kwenye roli yangu kulikuwa na tatu zenye alama za vidole vya mtu, kahawia imeshaganda, na mzee akanibadilishia bila maneno.

Sumaku pia usiache nyumbani. Shilingi ya 1966 ni shaba na nikeli, haishiki sumaku, wakati za 1976 ni chuma kilichopakwa juu, zinashika, na huwa zinapata kutu pembeni hata zikiwa hazijatumika, kwa hiyo roli za miaka hiyo mi sizitaki hata kwa bei ya chini.

Upande wa Afrika Mashariki ya mkoloni ana vitu vizuri japo si kwa roli. Shilingi za simba, zile za mpaka 1946 zina fedha robo, yaani asilimia 25, uzito wake gramu 7.78, na za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Hata kama mwaka umefutika unaweza kujua kwa maneno ya upande wa mfalme: India ilipata uhuru 1947, kwa hiyo cheo cha kaisari wa India kikatolewa, ukikiona kipo jua hiyo ni ya fedha. Wauzaji wengi wanauza zote bei moja, ila mzee huyu anazitenganisha kwenye mikebe miwili na anakuelezea sababu bila kuulizwa.

Halafu kuna senti za tundu za 1936 za Edward VIII, senti tano na senti kumi. Huyu mfalme wa Uingereza aliachia kiti Disemba mwaka huohuo kabla hata hajavishwa taji, lakini kwa kuwa sarafu zetu zilikuwa na tundu katikati hazikuhitaji sura yake, jina lilitosha, ndo maana zikatoka nyingi na zikatumika kweli huku kwetu. Tafuta jina EDWARDVS VIII pale juu, na angalia vizuri kama kuna H au KN, hizo ni alama za viwanda vya Birmingham. Iliyotumika ni bei ya soda, ila nyekundu ya shaba mpya bado ipo moja moja na hiyo haigharimu sana pia.

Sasa lawama. Mwanga wa kibanda ni mbaya sana, turubai ya bluu inafanya kila sarafu ionekane kama imebadilika rangi, mwombe mtoke nje kidogo. Alafu anazihifadhi kwenye vile vimfuko laini vya plastiki na hilo nimemwambia, vile vinatoa kitu cha kijani chenye kunata baada ya muda na kinakula sarafu, ukifika nyumbani hamishia kwenye kadi ngumu zenye dirisha au vikopo vigumu. Na neno "mpya" analitumia kwa ukarimu kidogo kwa zile moja moja, roli ziko sawa lakini za kwenye mkebe angalia mwenyewe.

Kule Marekani roli ya senti moja ni sarafu 50, ya robo dola ni 40, mtu anaingia benki anachukua anaenda kuchambua nyumbani, kama hakuna kitu anarudisha kwa thamani ileile. Sisi hatuna hiyo bahati, shilingi ya 1966 hakuna benki itakayokupa, tena tangu 1987 walipobadilisha pesa shilingi 100 za zamani kuwa 1 mpya. Kwa hiyo muuzaji anayekubali kufungua roli mbele yako ndo benki yako.

Bei ya roli inashuka, mi alinipa kwa 130,000, anapokea mobile money ila risiti hana. Moja moja anaanzia 10,000. Nenda asubuhi kabla safu haijajaa, mchana hata pa kukaa hakuna.