Kuoshewa gari na wazimamoto: thamani iko kwenye ndoo ya pili

Uingereza, hasa ifikapo Machi, vituo vingi vya zimamoto hupanga koni uani na kuosha magari ya raia ili kuichangia The Fire Fighters Charity. Shirika hilo lilianza 1943, katikati ya vita, likiitwa Fire Services National Benevolent Fund. Wanaonufaika ni wazimamoto wenyewe, walio kazini na waliostaafu, pamoja na familia zao: mazoezi ya viungo kwa aliyeumia, ushauri kwa aliyeelemewa na aliyoyaona kazini. Nia njema haina mjadala. Tunachopima hapa ni huduma: gari litatoka safi, au litatoka na mikwaruzo ambayo halikuja nayo?

Kwenye kusuuza, wazimamoto wanawazidi waosha magari wengi. Kwenye kusugua, mara nyingi wanazidiwa.

Tuanze na maji. Wengi huogopa ule mpira mnene wa kuzimia moto. Huo hautumiki. Unaotumika ni mpira mwembamba unaoviringishwa kwenye gurudumu lililo ubavuni mwa gari la zimamoto. Hata huo, pampu ikiachwa na presha yake ya kazini, hutoa maji kwa nguvu isiyo na mfano na ya bomba la bustani. Presha ya namna hiyo inapenya mipira ya milango, inabandua rangi iliyokwisha kuchubuliwa na mawe ya barabarani na inaweza kugeuza kioo cha pembeni kikatazama mbele. Mwendesha pampu anayejua kazi huishusha. Aliyeshika ncha naye hufungua maji yatawanyike kama mwavuli, husimama hatua mbili tatu nyuma, akaanzia paani kushuka. Ukiona maji yametoka kama fimbo na yameelekezwa ukingoni mwa dirisha, sema hapo hapo. Na funga madirisha kabla hujaingia uani. Unaweza kudhani hilo halihitaji kusemwa, lakini linahitaji.

Gari la zimamoto la kawaida la Uingereza hubeba lita 1,800. Mpira mwembamba ukitoa lita 100 kwa dakika, tangi linakauka kwa dakika 18. Ndiyo maana kituo huunganisha na bomba la zimamoto la barabarani, na hapo ndipo kasoro ya kwanza hujitokeza. Bomba ambalo halijafunguliwa siku nyingi huwa na kutu na mashapo yaliyotulia chini, na maji ya mwanzo hutoka na rangi ya chai. Kituo makini huyamwaga mpaka yawe maangavu kabla gari la kwanza halijaingia. Kisichojali huyamwaga juu ya gari la kwanza. Ukifika mapema kabisa, tazama rangi ya maji yanayopita kwenye sakafu.

Sasa kusugua, ambako ndiko tunakotoa au kunyima alama. Mikwaruzo ile ya duara inayoonekana jua likipiga kwenye boneti haitokani na sabuni. Inatokana na mchanga. Sponji bapa hunasa chembe za mchanga usoni pake na kuziburuta juu ya rangi kama msasa, na kila gari linalopita linaongeza zake. Gari la kumi la asubuhi linasuguliwa kwa uchafu wa magari tisa yaliyotangulia. Dawa yake ni ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu. Glavu ya manyoya huchovywa kwenye sabuni, hupita sehemu moja tu, tuseme mlango mmoja, kisha hukamuliwa kwenye maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Ndoo ikiwa na kichungi cha plastiki chini, mchanga hubaki huko chini. Maji ya ndoo ya pili yabadilishwe kila baada ya magari mawili au matatu. Usipoona kitako cha ndoo, maji yamechelewa kubadilishwa. Na glavu ikidondoka chini, iwekwe pembeni kabisa. Kuisuuza haraka haraka hakutoshi.

Ukifika kituoni ukakuta ndoo moja na sponji tatu zinazunguka, omba kitu rahisi: "Nisuuzieni tu." Toa mchango uleule. Gari litabaki na utando mwembamba wa vumbi, lakini rangi itakuwa salama, na kwa gari jipya au jeusi huo ndio uamuzi wa busara.

Sabuni yenyewe iwe shampuu ya gari isiyo na asidi wala magadi makali. Sabuni ya kuoshea vyombo hukata mafuta, na kwa sababu hiyo hiyo inang'oa nta iliyopakwa kuilinda rangi. Vituo huitumia kwa kuwa ni rahisi na ina povu jingi, na povu hupendeza kwenye picha. Kuhusu povu: lile la kuzimia moto si mbadala wa shampuu, hata kama limejaa stoo. Mapovu ya zamani ya kuzimia moto wa mafuta yalikuwa na kemikali za PFAS, ambazo haziozi ardhini wala majini. Wazimamoto wengi wanalijua hili vizuri, na kituo kinachomwaga povu hilo juu ya magari kwa mzaha hakistahili foleni.

Rimu zina brashi yake na ndoo yake, basi. Vumbi la breki lina chembe za chuma. Brashi iliyogusa rimu ikipanda kwenye mlango, matokeo unayajua.

Kukausha hufanywa kwa pupa karibu kila mahali, kwa sababu foleni inasukuma. Maji magumu, yenye chokaa, yakikaukia juani huacha alama nyeupe za matone ambazo hazitoki kwa kufuta siku ya pili. Kitambaa kikubwa cha maikrofaiba, kikilazwa bapa kisha kikavutwa bila kukandamizwa, kinatosha kwa paa na boneti. Leta chako. Hakuna anayechukia mteja aliyekuja na kitambaa chake, na utakuwa na hakika hakijafuta sakafu.

Kuna jambo ambalo mwosha magari mwingine yeyote hana: king'ora. Kikosi kilicho zamu kikiitwa, ndoo zinaachwa zilipo na gari lako linabaki limejaa sabuni. Sabuni ikikauka kwenye rangi iliyopata joto la jua huacha michirizi. Kwa hiyo kabla ya kuingia uliza: nani ataosha, walio zamu au walio mapumzikoni? Vituo vilivyojipanga huwaweka walio nje ya zamu, vijana wa mafunzo ya zimamoto na wanafamilia, ili kazi iendelee hata gari la zimamoto likitoka. Uliza pia njia ya kutokea. Foleni haitakiwi kukatiza mbele ya milango ya magari ya zimamoto hata kwa dakika moja, na ukielekezwa kusogea, sogea kwanza, maswali baadaye.

Maji machafu yanakwenda wapi? Hapa tunakuwa wakali. Mifereji ya maji ya mvua Uingereza mara nyingi huishia moja kwa moja mtoni, bila kusafishwa. Maji ya sabuni, mafuta na vumbi la breki yanatakiwa kuingia kwenye bomba la maji taka. Vituo vya kisasa vina sehemu maalumu ya kuoshea, yenye mtego wa mafuta na bomba lake. Vya zamani hufunika kifuniko cha mfereji kwa mkeka wa mpira na kuyaelekeza maji upande mwingine. Visivyofanya lolote kati ya hayo vinachangisha fedha kwa mkono mmoja na kuharibu mto kwa mkono mwingine.

Upande wa fedha, mpango ulio safi unaonekana kwa macho: kopo lililofungwa kwa lakiri, lenye jina la shirika na namba yake ya usajili, namba unayoweza kuitafuta kwenye daftari la umma la mashirika ya hisani. Ndoo iliyo wazi yenye noti zinazopeperuka ni uzembe, hata kama wote waliopo ni waaminifu. Mlipa kodi wa Uingereza anayetoa kwa hiari anaweza kujaza fomu ya Gift Aid, na shirika hudai kwa serikali peni 25 zaidi kwa kila pauni. Ila kituo kikitangaza bei maalumu kwa kila gari, hayo ni malipo ya huduma na Gift Aid haihusiki. Ndiyo maana tangazo lililoandikwa "changia unachoweza" limeandikwa na mtu anayejua sheria, na lile la bei limeandikwa na mtu anayeipotezea hisani fedha bila kujua.

Ukiwa kwenye foleni, usikae na simu. Uliza habari za kukaguliwa nyumba: vikosi vya huko huwafungia bure king'ora cha moshi wakazi walio katika hatari kubwa, hasa wazee na wenye ulemavu, na wengi wanaostahili hawajawahi kuomba. Vituo vingine huonyesha moto wa sufuria ya mafuta. Mafuta hupashwa joto mpaka yashike moto yenyewe, kisha mtu aliyevaa mavazi kamili humimina kikombe kimoja cha maji kwa fimbo ndefu. Maji huzama chini ya mafuta kwa kuwa ni mazito zaidi, huchemka papo hapo na kutanuka takribani mara 1,700 yakiwa mvuke, na mvuke huo hurusha mafuta yanayowaka hewani kama mpira mkubwa wa moto. Kikombe kimoja tu. Watoto waliokwisha kuona hilo hawahitaji bango, na kwa maoni yetu onyesho hilo linaifaa mitaa ya jirani kuliko uoshaji wenyewe.

Njia nyingine ambazo wazimamoto huchangishia zinastahili kupimwa kwa mizani hiyo hiyo, ingawa kwa kifupi.

Kalenda ya Ufaransa ndiyo tunayoipa alama za juu kwa ukaribu na watu. Miezi ya mwisho wa mwaka, wazimamoto wa kituo cha eneo, ambao kitaifa takribani wanane kati ya kumi ni wa kujitolea, hupita nyumba hadi nyumba wakiwa na sare. Kalenda haina bei, unatoa unachotaka. Fedha huingia kwenye chama cha kituo, na mara nyingi sehemu yake huwafikia yatima wa wazimamoto kupitia shirika lililoanzishwa 1926 kwa ajili hiyo. Kasoro yake ni matapeli wanaotangulia mlangoni. Kalenda halisi huwa na picha za kituo chako na watu wake. Yenye picha za jumla tu, zinazoweza kuwa za popote, ikutie shaka. Omba kitambulisho, mzimamoto wa kweli huwa anakitarajia.

Kalenda ya Australia, iliyoanza 1993, ni bidhaa ya aina nyingine kabisa: misuli, mbwa, paka na farasi, inauzwa mtandaoni dunia nzima. Imechapwa vizuri na haijifichi kwamba ni biashara ya hisani. Ukitaka kusaidia kituo kilicho mtaani kwako, si hii.

Buti la Marekani ndilo rahisi kuliko yote kuendesha. Tangu 1954 chama cha wazimamoto, IAFF, kimekuwa kikichangisha kwa ajili ya Muscular Dystrophy Association, wanaohudumia wagonjwa wa kudhoofika misuli. Mzimamoto husimama kwenye makutano ya barabara na buti lake, nawe unatumbukiza. Gharama ni karibu na hakuna, kwa hiyo karibu kila dola inafika. Hatari ni barabara. Fizibao za kung'aa, koni, na kusogelea magari yaliyokwisha kusimama kwa taa nyekundu tu. Miji mingine imepiga marufuku kuchangisha barabarani, na huko buti limehamia milango ya maduka. Usifungue dirisha gari likiwa linatembea, atakuja.

Kupanda ngazi kunawafaa watazamaji kuliko watoaji wa papo kwa papo. Seattle, wazimamoto hupanda ghorofa 69 za Columbia Center wakiwa na mavazi kamili, wakivuta hewa ya mtungi wa mgongoni, kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ya damu. Kwingineko Marekani hupandwa ngazi za ghorofa 110 kuwakumbuka wazimamoto 343 waliokufa New York tarehe 11 Septemba 2001, kila mpandaji akibeba jina la mmoja wao. Hapa mchango hutolewa kabla, kwa jina la mpandaji. Ukisubiri siku yenyewe utakuta unapiga makofi tu.

Na usiye na gari huko Uingereza, angalia kama uani mwa kituo kuna sanduku la nguo la shirika lile lile. Weka nguo safi na kavu ndani ya mfuko uliofungwa, viatu vikiwa vimefungwa kamba jozi kwa jozi, maana kiatu kimoja hakiuziki. Nguo mbichi huota ukungu na kuharibu mfuko mzima ulioko chini yake. Sanduku likijaa, usiache mfuko nje. Mvua itauwahi kabla ya gari la kuukusanya.